Barua ya wazi kwa wasimamizi wa misitu na mazingira Pemba: udongo mnaoutolea vibali una mwenyewe

Kwa Waheshimiwa mnaosimamia misitu, mazingira, kilimo na uchimbaji wa maliasili zisizorejesheka,
Kisiwani Pemba.

YAH: NDUMAKUWILI WA PEMBA NA UDONGO ANAMOISHI

Waheshimiwa,

Assalaam alaykum warahmatullah.

Ninaandika kwa heshima, na ninaandika hadharani kwa sababu njia ya ofisini nimeshaifuata mpaka ikaniishia. Barua zangu zilipokewa, zikagongwa muhuri, na hazikujibiwa. Nilipofuatilia kwa miguu niliambiwa mara faili limehamia meza nyingine, mara mhusika yuko Unguja, na mwisho afisa mmoja akaniuliza, kwa upole wa kweli, iwapo mtu mzima kama mimi sina la kufanya hata nishughulikie nyoka mwenye unene wa utambi wa taa. Swali lake ni la haki, na sehemu kubwa ya barua hii ni jawabu lake.

Nyoka mwenyewe ni yule ambaye wengi wetu tunamwita ndumakuwili. Wataalamu wanamwita Letheobia pembana. Alielezwa rasmi mwaka 2007 na Donald Broadley na Van Wallach kutokana na vielelezo vichache, na hajulikani kuishi popote duniani isipokuwa katika kisiwa hiki. Jamaa yake Letheobia pallida, aliyeelezwa na Mmarekani Edward Cope katika miaka ya 1860 kwa kielelezo cha Zanzibar, ndiye aliyeanzishiwa jenasi yote, yaani kundi zima la nyoka wa karibu wenye jina la Letheobia, kwa hiyo ukoo huu ambao leo unajulikana katika sehemu nyingi za Afrika uliingia vitabuni kwa kupitia visiwa vyetu. Sababu ya Pemba kuwa na wake peke yake mnaifahamu kuliko mimi: Unguja ilikuwa imeungana na bara wakati bahari ilipokuwa chini, katika zama za barafu, kwani mkondo wake ni mfupi wa kina, ilhali mkondo wetu unashuka mamia ya mita na umetutenga kwa muda mrefu zaidi mno. Ndiyo maana tuna popo wetu, ninga wetu, chozi wetu na bundi wetu mdogo, ambao mgeni hawezi kuwaona kwingine. Ndumakuwili ni wa orodha hiyohiyo, isipokuwa yeye hapigiwi picha.

Nyoka wa jenasi hii ni wembamba, wa rangi ya waridi iliyopauka, wenye magamba laini yanayong'aa. Macho yao yamefunikwa na magamba hata mara nyingi hayaonekani kabisa. Mdomo ni mdogo, umewekwa chini ya pua iliyotokeza mbele, na una meno katika taya la juu tu. Hawana sumu, na hata wangetaka kuuma, kidole cha mtoto hakiingii mdomoni mwao. Chakula chao ni mayai na mabuu ya mchwa na sisimizi, ambao huwafuata ndani ya vijia vyao chini ya ardhi. Mkia ni mfupi sana na unaishia kwa mwiba mdogo, na huo mwiba ndio uliowaponza: ukimshika ndumakuwili mkononi anauegemeza kwenye ngozi ili apate nguvu ya kusukuma kichwa mbele, kama anavyofanya udongoni, na aliyemshika anaruka akidhani amechomwa. Kwa kuwa ncha zote mbili zinafanana, watu wamesadiki kwamba ana kichwa huku na kichwa kule.

Baada ya maelezo hayo, naomba niyaweke malalamiko yangu moja baada ya jingine.

1. Vibali vya kifusi na mchanga haviutambui udongo wa juu.

Hili ndilo kubwa, na ndilo nitakalolizungumza kwa urefu. Katika shehia yetu limefunguliwa shimo la kifusi kwa kibali halali. Sijamtuhumu yeyote kwa wizi wala kwa rushwa. Kibali nilionyeshwa, kina saini na muhuri, na mwenye shamba alilipwa minazi na mikarafuu yake shina kwa shina. Kilichonishitua ni kwamba katika karatasi ile udongo wa juu haukutajwa kabisa, si kama mali, si kama kitu cha kurejeshwa. Tingatinga liliukwangua kwa siku ya kwanza tu, likausukumia ukingoni mwa bonde, na mvua za masika zikaumalizia. Ulioteremka uliziba mifereji ya mpunga, na uliobaki ulikwenda mikokoni. Wachimbaji wanauita takataka, kwa sababu kwao kazi inaanza pale jiwe jekundu linapotokea.

Tabaka hilo linalosukumwa ndilo lenye majani yaliyooza, mizizi midogo, vichuguu na unyevu, na ndilo pekee ambamo nyoka kipofu anayekula mabuu ya mchwa anaweza kuishi. Ndege akikatiwa mti huruka akatafuta mwingine. Popo vilevile. Ndumakuwili hawezi kulivuka shimo la kifusi lililokaukia jua, wala barabara ya lami, wala kiwanja kilichoshindiliwa. Anapokwanguliwa udongo wake anakwenda nao, na asiyekufa kwa meno ya tingatinga anakaushwa na jua mchana huohuo. Nimewaona kwa macho yangu pembezoni mwa shimo lile asubuhi moja baada ya mvua, wawili wamelala juu ya kifusi kitupu, mmoja amekatika, mwingine bado anaitafuta kwa pua ardhi ya kuingia na kila anapogonga anakuta jiwe. Kuku wa jirani ndiye aliyeumaliza mjadala.

Msije mkaniambia kwamba hayo ni mambo madogo yasiyomaliza mnyama. Katika Round Island, kisiwa kidogo kilicho kaskazini mwa Mauritius, walikuwako nyoka wawili wasiopatikana kwingine. Mbuzi na sungura walioletwa na watu walikula mimea, mvua ikauchukua udongo, na kisiwa kikabaki mwamba katika sehemu kubwa. Mbuzi waliondolewa mwaka 1979 na sungura mwaka 1986. Nyoka mmoja aliwahi kuokolewa na yupo mpaka leo. Wa pili, Bolyeria multocarinata, anayesadikiwa kuwa ndiye aliyekuwa mchimbaji wa udongo, alionekana mara ya mwisho mwaka 1975 na ameandikwa kuwa ametoweka. Hakuwindwa wala hakuuzwa. Alichokosa ni udongo.

2. Kielelezo kilichofikishwa ofisini kilitupwa.

Mmoja wa wale wawili nilimwokota, nikamtia ndani ya chupa yenye spiriti, nikaandika tarehe na mahali kwa penseli, na nikampeleka kwenye ofisi inayohusika. Niliomba jambo moja tu: aangaliwe na mtu mwenye darubini, ahesabiwe magamba, ili ijulikane kama ni huyu wetu wa Pemba au ni mwingine wa jamii yake, kwa sababu kwa macho makavu nyoka hawa hawatofautishiki kwa uhakika. Niliporudi niliambiwa kwamba chupa ilikuwa inawatisha wafanyakazi wa usafi na imetupwa. Sikupewa hata chupa.

Nalitaja hili bila ya uchungu wa chupa. Nalitaja kwa sababu ofisi hiyohiyo ndiyo iliyoniambia kabla ya hapo kwamba haiwezi kuchukua hatua bila ya ushahidi wa kitaalamu. Mwananchi anatakiwa alete ushahidi, akiuleta unatupwa, kisha anaambiwa ushahidi haupo: hapo mlango umefungwa kwa ndani na ufunguo ameachiwa aliye nje.

Tazameni walivyofanya Barbados, kisiwa kidogo kuliko hiki chetu. Wana nyoka wao mdogo, Tetracheilostoma carlae, aliyeelezwa mwaka 2008, ambaye urefu wake ni kiasi cha sentimita 10 na ambaye alikuwa hajaonekana kwa takriban miaka 20. Wizara yao ya mazingira ilishirikiana na wahifadhi kumtafuta, ikiinua jiwe mojamoja, na Machi 2025 akapatikana mmoja chini ya jiwe. Alipelekwa chuo kikuu, akaangaliwa kwa darubini kwa sababu anafanana mno na nyoka wa kigeni anayesafiri ndani ya vyungu vya maua, kisha akarudishwa msituni alikotolewa. Kazi yote hiyo ilihitaji watu wenye subira, darubini, na ofisi isiyotupa chupa.

3. Nyoka huyu anauawa kila anapoonekana, na hakuna anayefundishwa vingine.

Anayemkimbia nyoka mwenye sumu hana wa kumlaumu, wala siombi mtu yeyote ajifunze kupenda nyoka. Ninachoomba ni kwamba mtoto wa skuli ya Konde au ya Micheweni afundishwe kumtambua mmoja. Hutoka juu usiku, hasa baada ya mvua kubwa, maji yanapojaa katika vijia vyake, na huishia kwenye sakafu za vyoo na mabaraza, mahali ambapo hukutana na ndala na jembe. Nyungunyungu ana pete mwilini na ute. Ndumakuwili ni mkavu, anang'aa, na ukimkaribia unaona ulimi ukitoka na kuingia. Somo zima ni hilo, linatosha katika kipindi kimoja, na halihitaji kitabu kipya.

4. Ushauri wa kilimo unakwenda kinyume na uhifadhi.

Mimi ni mkulima wa karafuu na najua kwa nini tunasafisha chini ya mikarafuu kabla ya mavuno: karafuu inayodondoka kwenye majani imepotea. Lakini kuna kufyeka na kuna kukwangua. Siku hizi tunashauriwa kupiga dawa ya magugu na kuyachoma majani yote, mpaka ardhi inabaki nyekundu na ngumu, na wanaotushauri hivyo wanalipwa na serikali ileile inayolinda msitu wa Ngezi. Pemba ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar, jambo lililopata nguvu tangu kimbunga cha mwaka 1872 kilipoiangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya huku, kwa hiyo ardhi iliyo chini ya mikarafuu ni nyingi mno kuiacha nje ya hesabu. Na kama faida ndiyo inayotazamwa, mchwa ni adui wa miche ya mikarafuu na wa boriti za nyumba zetu, na nyoka huyu hula mabuu yake bure.

5. Miche ya vyungu inapita bandarini bila ya kukaguliwa udongo wake.

Hapa nitakuwa mfupi. Yule nyoka wa vyungu niliyemtaja, Indotyphlops braminus, ameenea duniani kwa njia hiyo na ameshafika pwani ya Afrika Mashariki. Wote ni majike na huzaa bila ya dume, hivyo mmoja anatosha kuanzisha kizazi. Naye hana madhara kwa mtu, lakini kadiri anavyozoeleka ndivyo itakavyokuwa vigumu kumjua wa kwetu, na chungu kinachombeba yeye kinabeba pia sisimizi wa kigeni wanaoweza kuwafukuza wale ambao ndumakuwili anawategemea.

Waheshimiwa, nimekaa katika mabenchi yenu muda wa kutosha kuyajua majibu yatakayotolewa, na ni vyema niyajibu mapema.

Mtasema hakuna bajeti. Kuandika mstari mmoja ndani ya kibali, kwamba udongo wa juu uondolewe kwanza, ulundikwe kivulini na urejeshwe shimo linapofungwa, hakuigharimu ofisi shilingi. Gharama ni ya mchimbaji, naye atauza kifusi chake kama kawaida.

Mtasema maendeleo kwanza, na kwamba barabara na skuli haziwezi kujengwa bila ya kifusi. Hilo nalikubali bila ya kusukumwa. Barabara ninayopita kuleta karafuu zangu Wete imejengwa kwa kifusi cha mahali fulani. Siombi uchimbaji usimame. Naomba usifanywe kandokando ya misitu iliyobaki, yaani Ngezi, Msitu Mkuu na Ras Kiuyu, na kwingine ufanywe kwa masharti. Aliyekula hasara ya shimo la shehia yetu si nyoka peke yake. Wenye mabonde ya mpunga waliozibiwa mifereji wanajulikana kwa majina, na hakuna aliyewalipa.

Mtasema hakuna takwimu kwamba nyoka huyu anapungua. Ni kweli, na hazitakuwako mpaka mtu atumwe akahesabu. Lakini mnyama ambaye makao yake yote duniani ni kisiwa chenye eneo lisilofika kilomita za mraba 1,000, na anayehitaji udongo ambao tunauondoa kwa tingatinga, hawezi kusubiri takwimu kwanza. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Zanzibar Namba 3 ya 2015 na ile ya misitu Namba 10 ya 1996 zipo mezani kwenu, na hakuna aliyeniambia kwamba nguvu mlizopewa humo zinaishia kwa wanyama wenye manyoya.

Na mtasema kwamba watu wa Pemba hawatakubali kuhifadhi nyoka. Maneno hayohayo yalisemwa kuhusu popo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 popo wa Pemba alikuwa anawindwa kwa kitoweo na alikuwa amebaki wa kuhesabika. Wanavijiji wakaunda vikundi vya kumlinda, watu wa kijiji cha Kidike wakaufanya msitu wao mdogo kuwa mahali pa wageni kulipa kuja kutazama, na leo popo wanahesabiwa kwa maelfu. Watu waliofanya hivyo ni hawahawa mnaodai hawataelewa. Nakiri kwamba mgeni hatalipa kiingilio kumtazama nyoka asiyeonekana, na labda ndiyo sababu hajapata mtetezi, lakini sijapata kuona katika sheria yoyote kwamba mnyama analindwa kwa kadiri ya kiingilio chake.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, na naomba yajibiwe kwa maandishi.

Kwanza, kila kibali cha kifusi, mchanga au mawe kitakachotolewa Pemba kuanzia sasa kiwe na sharti la udongo wa juu kama nilivyoeleza, sheha apewe nakala yake, na shimo la shehia yetu lirejeshewe udongo kabla ya masika yajayo. Hili la kwanza ndilo ninalolishikilia kuliko yote, na kama mtalitekeleza hilo peke yake nitashukuru na nitasubiri mengine.

Pili, ofisi ipokee na ihifadhi vielelezo vya nyoka wanaookotwa wakiwa wamekufa, kwa daftari lenye tarehe na mahali, na mtaalamu aitwe kuvitambua. Kimoja kitakachothibitishwa kiwekwe Chake Chake ambako wanafunzi wetu wanaweza kukiona. Daftari hilo ndilo litakalokuwa mwanzo wa takwimu mnazozitaka.

Tatu, jina la Letheobia pembana liingizwe katika orodha ya wanyama wanaozingatiwa mradi unapofanyiwa tathmini ya athari za mazingira, pamoja na popo na ndege wetu.

Nne, mabwana shamba wapewe maelekezo mapya kuhusu usafishaji wa mikarafuu: majani yafyekwe na yalundikwe kati ya mistari bila ya kuchomwa, na dawa ya magugu isitumiwe katika mashamba yanayopakana na msitu. Mimi niko tayari kulitoa shamba langu kwa majaribio ya msimu mmoja, na mavuno yapimwe mbele ya sheha.

Kuhusu skuli na bandari sitoi madai yenye tarehe, kwa kuwa natambua yanahitaji wizara zaidi ya moja. Naomba tu aandikwe ofisa mmoja ambaye jina na meza yake vitajulikana, ili mwananchi anayefuatilia asizungushwe.

Yule afisa aliyeniuliza swali lake kwa upole namkaribisha kijijini baada ya mvua ya kwanza, usiku, na taa ya mkono. Nitamwonyesha mahali pa kuinua gogo.

Wenu katika utumishi wa kisiwa chetu,

Mkulima wa karafuu na mkaazi wa Wilaya ya Micheweni,
Pemba.

Nakala:
Masheha wa shehia zinazopakana na misitu ya Ngezi, Msitu Mkuu na Ras Kiuyu.
Walimu wakuu wa skuli za Wilaya ya Micheweni.
Wenye mabonde ya mpunga waliozibiwa mifereji, kwa taarifa na kwa saini zao zitakazofuata.